Chenga twawala, magoli je?

Wale wa Sakina, Kijenge, Kaloleni na Unga Limited, na nyinyi mlioko juu kule Ngaramtoni mnaokunywa chai huku ukungu wa Meru unawapuliza shingoni, wote nawasalimu. Mimi mzima, isipokuwa sauti. Sauti imekauka kwa ubishi wa Jumamosi iliyopita, na ubaya zaidi ni kwamba ubishi wenyewe nimeshindwa.

Chanzo ni mpwa wangu. Chalii ana miaka 14, ni nahodha wa timu ya mtaa huku kwetu Ngarenaro, na Jumamosi walikuwa na fainali ya kugombea mbuzi dhidi ya vijana wa Sombetini. Asubuhi akanijia: "Anko, shikamoo. Leo njoo na simu yako, utupimie nani anamiliki mpira kama wanavyoonyesha kwenye tivii." Nikasema poa, kazi gani hiyo kwa mtu mzima. Nikakaa kwenye tofali pembeni ya uwanja, kila wakipata mpira nabonyeza, wakinyang'anywa nabonyeza tena.

Basi bwana, vijana wetu walicheza ile mbaya. Pasi huku, pasi kule, kisigino, kanzu, mpaka mama mmoja muuza ndizi akaacha biashara akawa anapiga makofi. Hesabu yangu ya simu ikaonyesha wametuachia mpira karibu mechi nzima. Wale wa Sombetini wakapiga mipira mirefu miwili tu ya maana, na yote ikaingia golini. Mbili bila. Filimbi ikalia, mbuzi akafungwa kamba, akaondoka na wenyewe huku analia.

Njiani chalii ananiambia, macho yamejaa maji: "Anko, tumefungwa, lakini tumewatawala." Nikamjibu kwa moyo mweupe, "Kabisa, chalii wangu. Mmewatawala." Tukafika kijiweni kwa fundi viatu, mzee ambaye zamani alikuwa beki, nikamweleza na kumwonyesha simu. Mzee hakuinua hata kichwa. Akauliza: "Na mbuzi je, mmemmiliki asilimia ngapi?"

Kijiwe kizima kikaanguka kwa kicheko. Mimi nikaanza kubisha, na ndiyo hiyo sauti ikapotea.

Ndugu msomaji, wote tunaujua ule usemi wa vijiweni tunaopenda kuwasingizia ndugu zetu wa visiwani: kufungwa tumefungwa, lakini chenga twawala. Tunacheka, lakini sisi wenyewe tunautumia kila Taifa Stars inapopoteza. Siku hizi tumeuvalisha suti tu. Badala ya chenga tunasema asilimia. "Tulikuwa na umiliki mkubwa, bahati haikuwa yetu." Bahati gani inayokuwa ya wenzako kila siku?

Hebu tuwachukue wakubwa wa kumiliki mpira duniani, Hispania. Julai 1, 2018, kule Moscow, walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi. Matokeo yakawa 1-1, na Urusi wakashinda kwa penalti 4-3. Bao la Hispania lenyewe Warusi walijifunga. Ukasema labda ni ajali. Desemba 6, 2022, kule Qatar, wakapiga tena pasi zaidi ya 1,000, safari hii dhidi ya Morocco. Dakika 120, bila kwa bila. Kwenye penalti Hispania hawakupata hata moja, Morocco wakapita 3-0. Na siku tano kabla ya hapo Japan walikuwa wameshawafunga Hispania hao hao 2-1, Japan wakiwa wamemiliki mpira chini ya asilimia 20. Walitoka nyuma kwa bao moja, wakarudi kipindi cha pili wakafunga mawili ndani ya dakika chache, halafu wakarudi nyuma kulinda duka.

Na Brazil je? Julai 8, 2014, nyumbani kwao, walitandikwa saba na Ujerumani. Saba kwa moja! Ukifungua karatasi ya takwimu ya siku ile utakuta Brazil ndio waliomiliki mpira kidogo zaidi ya Wajerumani. Sasa nenda kawaambie Wabrazil kwamba siku ile walitawala.

Hapa ndipo nilipomkaba yule fundi viatu. Nikamwambia, mzee, basi unataka kusema mpira ni wa kupiga butu tu? Mbona Hispania hao hao walichukua Kombe la Dunia 2010 kwa pasi zao? Nikadhani nimemmaliza. Mzee akashona mshono mmoja, akasema nitazame matokeo yao. Nikayatazama. Wasomaji, kuanzia hatua ya 16 bora hadi fainali, Hispania walishinda mechi zote nne kwa 1-0: Ureno, Paraguay, Ujerumani na Uholanzi. Hawakuruhusu hata bao moja katika mechi hizo. Maana yake mpira kwao ulikuwa pia kufuli la mlango. Ukiwa nao wewe, mwenzio hawezi kukufunga. Na wenyewe walijifunza kwa maumivu, kwani mechi yao ya kwanza, Juni 16, 2010, walikaa na mpira weee, Uswisi wakawafunga moja bila.

Kwa hiyo wale mabingwa hawakuwa wanauza sura. Kila pasi ilikuwa na kazi. Hiyo ndiyo tofauti.

Tuangalie na hiyo asilimia yenyewe inavyopatikana, maana wengi tunaimeza kama dawa bila kusoma karatasi. Njia ya zamani ni saa, kama nilivyofanya mimi na simu yangu. Njia nyingine inayotumika sana ni kuhesabu pasi: pasi zako unazigawa kwa pasi zote za mechi, ndiyo asilimia yako. Sasa fikiria, kipa anampa beki, beki anamrudishia kipa, kipa anampa beki wa pili. Pasi tatu hizo, na mpinzani wala hajatoka jasho, anakutazama tu kama mtu anayesubiri kifodi. Asilimia inapanda, hatari haipo. Kwenye Kombe la Dunia 2022 FIFA wenyewe waliongeza fungu la tatu kwenye skrini, la muda ambao mpira unagombewa na hauna mwenyewe. Hata wenye mpira wao waliona hesabu ya pande mbili haitoshi.

Sisi wa Arusha tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Ziko siku wingu linakaa juu ya Meru kutwa nzima, zito, jeusi, mlima hauonekani. Mgeni akitazama kutoka Mnara wa Saa anakimbilia mwavuli. Mwenyeji anaendelea kuanika nguo, maana anajua wingu kukaa juu ya mlima si lazima mvua ifike Ngarenaro.

Mtu anayetawala mechi ni yule anayemlazimisha mwenzake kufanya asichotaka. Swali la kujiuliza ni hili: mpira ulio nao, umeuchukua au umeachiwa? Kama mpinzani amekuachia kwa hiari yake, amerudi nyuma, amefunga njia zote za katikati na anakungoja ukosee, basi wewe ndiye unayefuata mpango wake. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko kunakouma.

Septemba 7, 2023, Stars ilikwenda Annaba kucheza na Algeria. Tulihitaji pointi moja tu ili twende AFCON. Hakuna aliyekwenda kule kutafuta sifa ya chenga. Vijana wakakaa kwenye mistari yao, wakavumilia, ikaisha 0-0. Tukamaliza na pointi 8, Uganda wakawa na 7, na tukafuzu. Usiku ule huku kwetu watu walipiga honi mpaka saa sita. Sikumsikia hata mmoja akiulizia asilimia.

Halafu ikaja Januari 21, 2024, kule San Pedro, Ivory Coast. Jumapili usiku, mimi na mpwa wangu tumo kwenye kibanda umiza, tumebanana kama dagaa. Dakika ya 11 Simon Msuva anaifunga Zambia. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia anatolewa kwa kadi nyekundu. Tunaongoza, tuko kumi na mmoja, wao kumi. Nani kama sisi? Mimi kwa furaha nikaagiza soda za benchi zima, tena kwa mkopo.

Kipindi cha pili kikaanza, na kila mliokuwepo mnakumbuka. Ukiwa na mtu mmoja zaidi na bao mkononi, huo ndio wakati hasa wa kuushika mpira. Huo ndio wakati pasi inakuwa kufuli: unamkimbiza mtu pungufu, anachoka, anafungua mlango, unaingia. Sisi tukawa tunarudi nyuma dakika baada ya dakika, kana kwamba kadi nyekundu tumepewa sisi. Dakika za lala salama, dakika ya 88, Patson Daka akapiga kichwa. Moja moja. Kibanda kikawa kimya kiasi kwamba nilisikia jenereta la jirani.

Chalii hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Ndipo akauliza, "Anko, kwa nini walikuwa wanaogopa?" Sikuwa na jibu.

Piga hesabu uone uchungu wake. Kundi lile tulimaliza na pointi 2. Tungeshinda siku ile tungekuwa na 4, na ungekuwa ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON. Kongo walipita wakiwa nafasi ya pili kwa pointi 3, sare tatu tupu, halafu wakafika nusu fainali. Wenzetu hawakushinda hata mechi moja ya kundi, lakini walijua lini pa kubana na lini pa kuachia.

Na mpira una maskhara yake. Kwenye AFCON ya Morocco, mwisho wa 2025, tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, tena 1-1 na Tunisia. Pointi 2 zile zile, na safari hii zikatupeleka 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Januari 4, 2026, mbele ya wenyeji Morocco pale Rabat, tukafungwa moja bila, bao la Brahim Díaz kipindi cha pili. Wenyeji wale walihangaika zaidi ya saa nzima kabla ya kutufungua. Siku ile nilimwambia fundi viatu kwamba tumefungwa, lakini nimeona timu inayojua inachokifanya hata ikiwa haina mpira. Akakubali kwa kichwa. Kwa mzee yule, hiyo ni sawa na kupigiwa mizinga.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu AFCON ya 2027 ni ya kwetu sisi, Kenya na Uganda, na huku Arusha uwanja wa Olmoti ni kwa ajili hiyo. Timu ndogo ikija kwetu haitakuja kucheza chenga. Itatuachia mpira, itakaa nyuma, itangoja. Yale tuliyowafanyia Algeria kule Annaba, nasi tutafanyiwa, nyumbani kwetu, mbele ya mama zetu. Siku hiyo asilimia zitakuwa zetu, na kazi ndiyo itakuwa inaanza. Tukiingia na akili ya chenga twawala, mbuzi ataondoka na kamba yake.

Na akili hiyo haianzii kwa kocha wa Stars. Inaanzia kwetu sisi ma-anko, tunaomwambia mtoto aliyefungwa mbili bila kwamba ametawala. Nilimdanganya yule chalii kwa kumpenda, na uongo wa kupenda ndio mgumu kuung'oa.

Kwa hiyo Jumapili nilimwita. Nikamwambia, mpwa wangu, niliyokuambia jana siyo. Mlikuwa na mpira kwa sababu walitaka muwe nao. Alinuna kidogo. Baadaye akachukua daftari la hesabu, akachora uwanja, akaanza kuweka alama mahali walipopoteza mpira. Alama karibu zote zikaangukia katikati. Ndani ya boksi la wapinzani zilikuwa mbili tu. Akaziangalia kwa muda mrefu, akasema, "Anko, kumbe hatukufika."

Mechi ya marudiano ni Jumamosi hii, na safari hii wanagombea jogoo. Simu yangu nitaiacha nyumbani. Nimepewa daftari na penseli, kazi yangu ni kuhesabu mara ngapi wameingia boksi. Fundi viatu naye ameahidi kuja, ila amesema wakifungwa tena asisikie neno asilimia mtaani kwake.

Haya, wapenzi, wiki ijayo panapo majaaliwa nitawaambia jogoo amelala wapi. Kwaherini!