Madarasa yameahidiwa, walimu je? Upanuzi wa sekondari msingi ni amana

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, baada ya swala ya Ijumaa iliyopita tulizingirwa na wazazi kadhaa mlangoni pa msikiti, kila mmoja ameshika barua ile ile. Shule moja ya kibinafsi ya Kiislamu hapa mjini Mombasa imewaarifu kwamba kuanzia mwaka ujao itaongeza nafasi za sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, kutoka mkondo mmoja hadi mitatu. Madarasa matatu yatakuwa tisa, na karo itapanda ili kulipia jengo. Wazazi walitaka kujua: hili ni jambo la kheri, au ni biashara tu? Jibu letu ni kwamba laweza kuwa kheri kubwa, lakini lipo swali ambalo barua ile haikuligusa.

Tuanze na chanzo. Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 waliingia sekondari msingi. Kwa kufuata mapendekezo ya jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, waliwekwa katika shule za msingi badala ya zile za upili. Shule nyingi ambazo hazikuwa na maabara wala walimu wa ngazi hiyo zikajikuta zimebebeshwa mzigo. Katika shule za umma walimu wengi waliajiriwa kwanza kwa mikataba ya unagenzi, na Mei 2024 wakagoma wakidai ajira ya kudumu. Mzazi aliyeyaona hayo akakimbilia shule ya kibinafsi hatuwezi kumlaumu.

Kwa sisi Waislamu wa Pwani ipo sababu nyingine, nayo ni kongwe zaidi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu waitafute elimu ya kisasa pasi na kuitupa dini yao. Shule zinazofundisha elimu zote mbili zinafuata njia hiyo. Kwa hivyo hatuandiki haya kuzibomoa. Tunaandika kwa sababu tunazihitaji zisimame imara.

Swali lenyewe ni la mwalimu. Barua ilitaja jengo, ikataja basi, ikataja na sare mpya. Mwalimu hakutajwa hata mmoja. Masomo ya ngazi hii sasa ni tisa, na kati yake yamo Sayansi na Kilimo, ambayo hayafundishiki kwa chaki peke yake. Mwalimu wa sayansi anayefundisha madarasa matatu leo hawezi kuyabeba tisa kesho. Nayo sheria ya TSC ya mwaka 2012 inataka kila mwalimu awe amesajiliwa, awe wa shule ya umma au ya kibinafsi.

Tazameni pia jinsi alama zinavyopatikana. Katika tathmini ya KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, asilimia 60 hutokana na mtihani wa Gredi ya 9 na asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya 6. Asilimia 20 iliyobaki hutokana na tathmini za shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8, ambazo husahihishwa na mwalimu wa mtoto mwenyewe. Je, mwalimu aliyelemewa na mamia ya kazi za mikono atafanya nini? Atashawishika kuandika alama ya kazi ambayo hakuitazama. Alama ni ushahidi, na Mtume (S.A.W) aliuhesabu ushahidi wa uongo miongoni mwa madhambi makubwa. Kalamu itakuwa mkononi mwa mwalimu, lakini aliyejaza darasa naye ana fungu lake.

Kisha kuna suala la umri. Watoto wa gredi hizi huwa na miaka 12 hadi 15 hivi, nao ndio umri wa kubaleghe. Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe. Basi wengi wao huingia Gredi ya 7 wakiwa hawana hesabu, na hutoka Gredi ya 9 wakiwa wanayo. Msichana anayepata hedhi ya kwanza shuleni anahitaji mwalimu wa kike wa kumwendea, choo chenye maji na mlango unaofungika, na mtu wa kumfundisha josho. Inapoadhiniwa adhuhuri, madarasa tisa yatatawadha kwenye mabomba mangapi?

Tena kuna karo. Mama mmoja mjane, muuza mahamri, alituambia: "Sheikh, mwanangu yumo ndani tayari. Karo hii mpya itamtoa." Nafasi zinaongezwa, naye yatima anatolewa! Katika Sura Al-Maida, aya ya 1, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza ahadi na mikataba. Mtoto aliyepokelewa kwa karo fulani amalize Gredi ya 9 kwa karo hiyo hiyo. Wenye uwezo miongoni mwetu nao wawagharimie mayatima na mafukara kwa zaka, sadaka na wakfu.

Rai yetu kwa wasimamizi ni hii: ongezeni mkondo mmoja wa Gredi ya 7 kwanza, na mwalimu aajiriwe kabla ya mwanafunzi kusajiliwa. Nanyi wazazi, msiridhike na kutazama ramani ya jengo. Ulizeni walimu ni wangapi na kama wamesajiliwa, darasa litakuwa na watoto wangapi, na nani atawalea mabinti zetu. Tumekwisha hadithiwa kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwenye shule ataulizwa, na mzazi pia ataulizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azibariki shule zetu, awape walimu wetu ikhlasi na subira, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.