Akili ya Mkongomani haipimwi kwa namba ya telefone

Vijana wa Goma, Bukavu na Bunia wana mabishano mawili yasiyokwisha. La kwanza huanza filamu inapomalizika: ule upanga wa mwanga, ule mtambo unaoteketeza mji mzima kwa pigo moja, vinaweza kutengenezwa kweli ama ni uongo wa sinema? La pili huanza kwenye telefone: mmoja anajibu maswali ya jaribio la akili, anapewa namba, 85 ama 120, na wenzake wanaanza kumcheka ama kumsifu.

Wakubwa wengi husema huo ni mchezo wa vijana tu. Wanakosea. Maswali hayo mawili yamekwisha kuigusa Congo, na wanainchi wake wamelipa bei.

Tuanze na namba. Jaribio la kwanza la akili la namna hii lilitengenezwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon. Serikali ilitaka kujua ni watoto gani wanahitaji msaada zaidi darasani. Binet mwenyewe alikataa wazo kwamba akili ni kitu kimoja kisichobadilika, kama urefu wa mtu. Kwake, jaribio lilikuwa kama kipimo cha daktari: unapima ili utibu.

Wengine walilichukua ili wahukumu. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kupima askari, na waliopimwa walifika zaidi ya milioni 1.5. Baadhi ya maswali yalihusu bidhaa za madukani na michezo ya Marekani. Mhamiaji aliyetoka Italia ama Poland angejuaje? Wengi walipata alama za chini. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Carl Brigham aliandika kitabu akitumia matokeo hayo kupanga mataifa kwa ngazi, wenye akili juu na wajinga chini. Mwaka 1924 Marekani ikapitisha sheria ya kuwabana wahamiaji wa inchi nyingi. Mwaka 1930 Brigham alikiri kwamba kazi yake haikuwa na msingi. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita.

Kuna ushahidi mwingine. Mtafiti James Flynn alionyesha mwaka 1984 kwamba alama za Wamarekani zilikuwa zikipanda karibu pointi 3 kila miaka 10. Damu ya taifa haibadiliki kwa miaka 10. Kinachobadilika ni shule, chakula, afya, na mazoea ya kujibu maswali ya namna ile. Kwa hiyo mtoto aliyekimbia vita mara tatu na kusomea chini ya hema, akipewa jaribio lililoandikwa mbali kwa lugha isiyo yake, namba atakayopata itaeleza maisha yake kabla ya kueleza kichwa chake.

Wakongomani wanalijua jambo hili bila kitabu. Chini ya Wabelgiji, kuanzia mwaka 1948, mtu mweusi aliyetaka kutambuliwa kuwa « ameendelea » alipaswa kuomba kadi maalum. Wakaguzi waliweza kufika hadi nyumbani kwake kutazama anavyoishi na anavyokula mezani. Wakati huo huo, chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, miaka 6 kabla ya uhuru. Aliyefunga mlango wa shule ndiye aliyeshika rula ya kupima akili.

Sasa silaha. Mwaka 1914 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa riwaya ambamo ndege zinaangusha mabomu ya atomiki. Wakati ule hakuna aliyejua namna ya kuyatengeneza. Wells alikosea mambo mengi: mabomu yake yaliendelea kulipuka siku nyingi mahali pamoja. Lakini mwaka 1932 mwanafizikia Leo Szilard aliisoma riwaya hiyo, na mwaka uliofuata akiwa London akapata wazo la namna atomu moja inavyoweza kuamsha nyingine mfululizo.

Wazo peke yake haliui mtu. Lilihitaji jiwe, na jiwe lilikuwa Katanga. Barua ambayo Albert Einstein alimwandikia rais Roosevelt mwaka 1939 inaitaja Congo ya Ubelgiji kama chanzo kikubwa cha uranium. Mgodi ulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 mkubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo hadi New York. Sehemu kubwa ya uranium ya mradi wa bomu la Marekani ilitoka hapo. Tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima iliteketea. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa jiwe lile ni la kazi gani.

Kwa hiyo kijana anayeuliza kama silaha ya filamu inawezekana ajibiwe kwa makini. Upanga wa mwanga hauwezekani kwa namna ile, kwa sababu mwanga hausimami ukiisha kutembea mita moja. Miale ya leza inayounguza ipo: jeshi la majini la Marekani liliifunga kwenye meli mwaka 2014, ila inahitaji umeme mwingi. Na ndege isiyo na rubani, iliyokuwa hadithi kwa babu zake, leo inasikika juu ya vijiji vya Kivu. Ndani ya vyombo vya namna hiyo mara nyingi mna madini kama kobalti na koltani, yale yanayobebwa mgongoni huko Kolwezi na Rubaya.

Hapa ndipo mabishano mawili yanakutana. Inchi iliyoambiwa haina akili ndiyo iliyotoa jiwe la silaha kubwa kuliko zote, na bado inatoa. Iliyokosa ni maabara, na haki ya kuuliza jiwe linaenda wapi.

Wazazi na walimu wasiyazime mabishano hayo. Mwalimu wa fizikia ayaingize darasani. Mwalimu wa historia aeleze Shinkolobwe, jina ambalo lilifichwa wakati wa vita na ambalo vijana wengi hawalijui hata leo. Wizara ya elimu inaweza kulipa nafasi kwenye programu bila kungoja mfadhili. Na yule kijana aliyepata 85 kwenye telefone aambiwe wazi: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Swali alilouliza baada ya filamu lina uzito kuliko namba ile.