Shaaban Gani? Andikeni Jina Nyuma ya Blanketi la Viraka



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, leo nataka kuzungumza juu ya kipande kidogo cha kitambaa, kisichozidi kiganja cha mtoto. Baadhi yenu mtasema hilo ni jambo la akina mama na cherehani, ustadhi anatafuta nini humo? Nivumilieni, mtaona.

Hapa mtaani kwetu Buyenzi, Bujumbura, mafundi cherehani hufagia vipande vya vitenge kila jioni na kuvitupa. Bibi yangu, Allah amrehemu, alikuwa akiviomba kabla havijafika jalalani. Alivifua, akavipanga kwa rangi, akaviunganisha mpaka vikatosha kitanda. Chini aliweka shuka, katikati blanketi lililochakaa, juu viraka vyake, kisha akapiga bandi kwa mkono kupitia matabaka yote matatu. Kazi ya miezi. Wengine huuita mfarishi, sisi tulisema tu blanketi la bibi.

Alipofariki aliacha manne. Matatu yaligawanywa kwa amani. La nne likazusha ugomvi. Shangazi yangu mkubwa alisema mama alimpa yeye alipojifungua mtoto wa kwanza, ila aliliacha kwa mama lisiharibike. Mdogo akasema, la hasha, mama aliniambia mimi, "Shaaban ikifika, hili ni lako." Hapakuwa na shahidi wala maandishi. Mimi, kwa kuwa nasomesha mirathi, niliitwa niamue. Nilijua kanuni: alichokitoa marehemu na kukikabidhi akiwa hai ni hiba, hakimo katika mirathi, ambacho hakukikabidhi ni mali ya warithi wote. Lakini kanuni bila ushahidi ingenisaidia nini? Shangazi zangu walipitisha Idi mbili bila kupeana mkono. Na blanketi lenyewe? Lilifungiwa kabatini, likaliwa na nondo.

Wanahistoria wetu wanasimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa hati ya malipo iliyoandikwa mwezi wa Shaaban bila mwaka. Akauliza: Shaaban gani? Iliyopita, hii tuliyonayo, au ijayo? Akashauriana na masahaba, na hapo ndipo mwaka wa Hijra ulipowekwa uwe msingi wa kuhesabu tarehe zetu. Kila nikikumbuka kisa hicho namkumbuka shangazi yangu mdogo. Shaaban gani, shangazi?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunaishi kwa "aliniambia".

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kila anayeshona blanketi la viraka kwa ajili ya mtu wake, asilihesabu limekwisha mpaka ashone lebo nyuma yake. Jina la aliyeshona, jina la aliyepewa, mji, mwezi na mwaka. Na akishaishona, amkabidhi mwenyewe mkononi, kwa sababu lebo ni ushahidi tu, haichukui nafasi ya kukabidhi.

Wala jambo hili si geni kwa Waislamu. Katika zama za Bani Abbas na za Wafatimi wa Misri kulikuwa na karakana za vitambaa vilivyoitwa tirazi. Pembeni mwa kitambaa yalifumwa au kudariziwa maandishi: dua, jina la khalifa, na mara nyingi mji kilikotengenezwa, kama Tinnis au Dimyati, pamoja na mwaka. Hata neno letu la "kutarizi" lina mzizi huo huo wa Kiarabu. Vipande vya tirazi vimehifadhiwa katika makumbusho mbalimbali mpaka leo, na kwa maandishi hayo watu hujua umri wake. Lakini tazameni: jina la khalifa lipo, na la aliyekaa akakifuma kwa kawaida halipo. Ametoweka kabisa. Mama zetu wasipoandika, nao watatoweka vivyo hivyo, na wajukuu watasema tu "lilikuwepo hapa nyumbani".

Nilipolisema hili darasani, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono: "Ustadhi, kuandika jina si riya?" Swali zuri. Amali huenda na nia. Lakini tazama lebo inakaa wapi: nyuma, pembeni chini, mahali pasipoonekana mpaka ulikunje blanketi. Anayetaka sifa hujiandika mbele kwa herufi kubwa. Na aliyepewa ana wajibu pia, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Utamshukuru vipi usiyemjua?

Sadaka ni mlango mwingine. Unapomshonea maskini usiyemjua, jina lako liache. Mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Na hapa nina neno zito. Niliwahi kuingia katika bweni moja la watoto, sitalitaja, nikakuta mablanketi yameandikwa kwa rangi nyeusi, upande wa juu: MSAADA KWA YATIMA. Kijana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa amelikunja lake maandishi yakiwa ndani, na akalitandika hivyo hivyo kinyumenyume. Hakuniambia kitu, wala mimi sikumwuliza. Allah (s.w.) ametukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na udhia. Lile lilikuwa simango analolala nalo kila usiku. Kama ni lazima mablanketi yatambulike yasichanganyike, mwandikieni mtoto jina lake, dogo, nyuma. Jina lake ni heshima kwake. Umaskini wake si jina.

Sasa namna ya kutengeneza. Mama mmoja fundi ndiye aliyenielekeza, na wanafunzi wangu wameijaribu.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, marekani au shuka safi. Kifue kwanza, dondo itoke na kisije kuruka baadaye. Kikaushe, kipige pasi. Kata kipande cha sentimita 12 kwa 8. Kibandike pembe zake juu ya ubao kwa utepe, kisivutike unapoandika. Piga mistari hafifu kwa penseli, acha sentimita moja kila upande kwa ajili ya pindo.

Andika kwa kalamu ya wino usiofutika. Kalamu ya kawaida ya daftari haifai, itachuja. Ijaribu kwanza kwenye kipande kingine, ukifue, uone. Andika polepole, maana mkono ukisimama wino husambaa. Ukikauka, pitisha pasi kavu ya moto bila kunyunyizia maji. Anayejua kudarizi kofia adarizi maandishi kwa uzi; hiyo hudumu kuliko wino wote.

Kunja pindo ndani, ishone nyuma ya blanketi, pembe ya chini, kwa mishono midogo ya karibu karibu. Usiibandike kwa gundi. Maneno yatosha haya: "Ameshona Fulani binti Fulani, kwa mwanawe Fulani. Buyenzi, Shaaban 1445, Februari 2024. Lifuliwe kwa maji baridi." Ukipenda ongeza vipande vilitoka wapi: kanga ya mama, kanzu ya babu.

Tahadhari moja. Usiandike aya, wala Bismillah, wala jina la Allah. Najua nia ni baraka, lakini blanketi hulaliwa, hukanyagwa, mtoto hukojolea, na mwisho wake huwa tambara la kudekia. Dua isome unaposhona.

Mwaka jana mama mmoja alimshonea binti yake aliyekwenda kusoma Gitega, ambako usiku wa Juni na Julai ni baridi. Binti aliporudi likizo aliniambia kwamba wenzake bwenini walikuja kulitazama, na yeye akawageuzia nyuma akawaonyesha jina la mama yake. Nilifurahi. Nikawafikiria shangazi zangu.

Walipatana, alhamdulillah, ila blanketi lilikuwa limekwisha. Wazazi, kama mnalo moja nyumbani ambalo aliyeshona bado yu hai, mwulizeni leo, kalamu mkononi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.