Nililipwa Elfu Tatu Kuandika Kwamba Miso Inatibu

Nililipwa shilingi elfu tatu kuandika kwamba miso inatibu. Sikuwa nimewahi hata kuionja.

Nilikuwa nimeacha chuo, kodi ya keja imefika, na mteja wangu alikuwa na duka la bidhaa za afya. Aliuza vyakula vya Kijapani vya makrobaiotiki: miso, umeboshi, kuzu, mwani wa kila aina. Akanitumia orodha ya vitu vya kusema. Miso inasafisha sumu mwilini. Umeboshi inaifanya damu iwe ya alkali. Kuzu inajenga matumbo upya. Nikapanga maneno, yakapangika, chapaa ikaingia kwa simu, nikalala usingizi mzuri.

Wiki mbili baadaye akanipa kazi ya kujibu jumbe za wateja. Mmoja ulitoka kwa dada fulani. Mathe wake ana saratani ya titi, anaanza kemo Jumatatu, na wameisoma ile makala. Swali lake lilikuwa moja tu: aahirishe kemo ajaribu hii kwanza?

Kwa hivyo sitajifanya msafi hapa. Naandika kama mtu aliyeshika kalamu, na nataka tubonge ukweli kuhusu hii biashara.

Tuanze na hiyo damu. Damu ya binadamu hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45, na kazi ya kuishikilia hapo ni ya mapafu na figo. Ikitoka hapo unalazwa hospitalini, hutafuti chupa dukani. Umeboshi yenyewe ni tunda la ume, jamaa ya aprikoti, ambalo hulazwa kwenye chumvi kisha likaanikwa juani. Lina uchachu wa kukufumbisha jicho moja. Na likitengenezwa kwa njia ya zamani, chumvi yake inaweza kufika karibu asilimia 20 ya uzito wa matunda. Hicho ndicho kitu nilichomwandikia mtu mwenye presha nikakiita dawa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hivi vyakula havihitaji kusingiziwa. Chukua mji wa Okazaki, mkoa wa Aichi, wanakotengeneza miso ya Hatcho. Ni soya, chumvi, maji na koji, ile kuvu inayochachua. Vinashindiliwa ndani ya pipa kubwa la mbao, kisha mawe ya mtoni yanapangwa juu yake kwa mkono mpaka yafike tani kama tatu. Halafu watu wanangoja. Zaidi ya miaka miwili! Hayo ni maarifa, bana. Kumwambia fundi kama huyo kwamba kazi yake ni kusafisha sumu mwilini mwako ni kumtusi.

Kwenye nyumba za Wajapani, miso ni supu ya asubuhi. Umeboshi hukaa katikati ya wali unaobebwa kazini au shuleni. Mgonjwa huwekewa moja juu ya uji wa mchele, vile nyanyako angekupa uji wa wimbi ukiwa na homa. Na nyanya hakukuambia uji unatibu saratani. Alikuambia kunywa upate nguvu, kisha akakupeleka hospitali.

Tena Wajapani wenyewe hawakuogopa kuikagua miso yao. Mkoa wa Nagano uko milimani na una baridi kali. Watu walimaliza majira ya baridi kwa mboga za kutiwa chumvi na supu ya miso, na kiharusi kikawa kinawaua sana. Wahudumu wa kujitolea, wengi wao akina mama, wakapita nyumba kwa nyumba wakipima chumvi ya supu na kuwafundisha wenzao kuipunguza. Leo Nagano ni kati ya mikoa ya Japani ambayo watu wake huishi miaka mingi zaidi. Na miso wanakula bado.

Sasa habari ya kutibu ilitoka wapi? Kuna George Ohsawa, aliyezaliwa Japani mwaka 1893 kwa jina Yukikazu Sakurazawa. Alichukua mafundisho ya daktari wa jeshi, Sagen Ishizuka, akayachanganya na yin na yang, akayapeleka Ulaya na Marekani kwa jina la makrobaiotiki. Alipanga ngazi za mlo. Ya juu kabisa, nambari 7, ilikuwa nafaka peke yake. Mwaka 1965, huko New Jersey, mwanamke wa miaka 24 aliyefuata mlo huo alikufa kwa utapiamlo.

Kisha kukawa na Anthony Sattilaro, daktari aliyeongoza hospitali moja Philadelphia. Alikuwa na saratani ya tezi dume iliyosambaa. Mwaka 1982 alitoa kitabu, Recalled by Life, akieleza jinsi makrobaiotiki ilivyomrudishia uhai. Wengi wakaamini. Kile wauzaji hawapendi kurudia ni kwamba pamoja na wali wake usiokobolewa alikuwa amefanyiwa upasuaji na kupewa homoni. Wala hawasemi kwamba saratani ilirudi, ikamuua mwaka 1989. Michio Kushi, mwalimu mkubwa wa makrobaiotiki Marekani, alikufa kwa saratani ya kongosho mwaka 2014. Mkewe, Aveline, aliuawa na saratani ya shingo ya kizazi mwaka 2001. Sisemi haya nicheke. Saratani haiangalii umekula nini ndipo ikuogope, na asikudanganye mtu.

Utaniambia: lakini hao Kushi si ndio waliosaidia kuweka mchele usiokobolewa, miso na mwani kwenye rafu za Marekani? Kweli kabisa. Duka lao la Erewhon lilianza Boston mwaka 1966, na ni kweli kwamba nafaka nzima na mboga ni chakula kizuri. Nakubali yote. Ila chakula kizuri hakijawa tiba, na jina la asili halifanyi kitu kuwa salama. Mwaka 2004 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza uliwashauri watu waache kula mwani wa hijiki kwa sababu ya aseniki iliyomo.

Halafu kuna hii, inanichekesha mpaka leo. Wafuasi wa Ishizuka walikuwa na msemo: shindofuji. Maana yake, mwili na ardhi si vitu viwili, kwa hivyo kula kinachoota unapoishi, kwa msimu wake. Sasa wewe uko Nairobi, unalipa pesa ya matumizi ya wiki nzima kwa kichupa cha umeboshi kilichovuka bahari, kwa jina la falsafa inayokuambia ule cha karibu! Kwa mafundisho yao wenyewe, makrobaiotiki yako ni managu, terere, ndengu, wimbi na simsim. Mwalimu wako ni mama mboga wa hapo chini ya ploti. Shida ni kwamba yeye hana mtu wa kumwandikia makala ya elfu tatu.

Yule dada nilimjibu. Nilimwambia: dadangu, mpeleke mathe Jumatatu. Kama angependa supu ya miso, muulize daktari wake kwanza. Akikubali, mpikie, kwa sababu ni tamu na kemo huondoa hamu ya kula. Usimpikie kwa sababu yangu. Mteja alipoona jibu hilo, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Wauzaji, uzeni. Andikeni imetoka wapi, imechachuliwa muda gani, ina chumvi kiasi gani, muishie hapo. Na nyinyi waandishi wenzangu wa kulipwa kwa maneno, najua kodi iko. Yangu pia iko. Lakini kabla hujaandika "inatibu", jiulize ni nani ataisoma Jumapili usiku.

Ile makala yangu bado iko hewani. Sina nywila ya kuiondoa. Ndiyo maana nimeandika hii.