Hisabati Yapimwa, au Kiingereza?

Twalikataa dai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati. Tangu 1967 shule za msingi za umma nchini Tanzania hufundisha kwa Kiswahili: mzingo, pembetatu, asilimia, namba witiri na shufwa. Mtoto afikapo sekondari, hisabati ile ile humjia kwa Kiingereza; akishindwa swali la mafumbo, huambiwa hana akili ya hesabu. Utafiti wa namna hiyo wapima nini? Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari, halikutekelezwa. Nasi majirani tungali tukiiga kosa hilo! "Kumi na moja" humwonyesha mtoto kumi, kisha moja. "Eleven" humficha yote mawili. Mwenye shaka na aulize darasani swali moja kwa lugha zote mbili, ahesabu mikono itakayoinuka.