Hoja ya wale 12 haitoshi

Mwaka 1990 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliridhia wanawake wawe wachungaji. Leo hapa Moshi mchungaji mwanamke si kioja. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alitamka kwamba Kanisa Katoliki halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Hoja yake kuu: Kristo aliteua mitume 12, wote wanaume. Ni kweli, lakini wote walikuwa pia Wayahudi, na hakuna anayemnyima Mchaga daraja takatifu kwa sababu hiyo. Kwa nini jinsia iwe sharti la kudumu, na taifa lisiwe? Watajibu kwamba padre humwakilisha Kristo mwanamume. Je, ubatizo haukumvika mwanamke Kristo yuleyule? Swali hili lijibiwe kwa hoja. Kufunga mjadala si kuujibu.