Nani Atalia kwa Kiswahili? Oliver Litondo na Deni la Uigizaji Wetu

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kazi ya mwigizaji wa kweli ni kukilalia kitanda cha mwenziwe hadi kunguni wamwume, kisha ajitokeze na kuwaonyesha watazamaji alama zilizobaki mwilini. Nchini Kenya waigizaji wa aina hiyo wamekuwapo, ingawa ni nadra sana kutajwa katika mihadhara ya fasihi. Mmoja wao ni Oliver Litondo.

Litondo, aliyewahi kuwa mtangazaji wa habari katika televisheni, aliigiza kwa miaka mingi katika nafasi ndogo ndogo za filamu za wageni, ikiwemo Ivory Hunters ya mwaka 1990. Nafasi kubwa ilimjia ujana ukiwa umempita kitambo, alipopewa jukumu la Kimani Maruge katika The First Grader ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Mwingereza Justin Chadwick. Maruge hakuwa mhusika wa kubuni. Alikuwa mzee wa Eldoret, aliyejiunga na Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi mwaka 2003.

Umahiri wa Litondo unadhihirika katika jambo moja. Ujana wa Maruge, yaani vita vya Mau Mau, mauaji ya mkewe na mwanawe, na mateso ya kizuizini, uliigizwa na mtu mwingine. Litondo hapigwi mbele ya kamera. Jukumu lake ni kuonyesha mwili unaokumbuka kipigo. Akiwa miongoni mwa watoto wa shule, ni babu mpole mwenye kaptura na soksi ndefu; kumbukumbu zinapomvamia, uso ule ule hugeuka kuwa wa mfungwa. Mageuzi hayo hayategemei maneno mengi. Yanategemea macho, pumzi na ukimya.

Hata hivyo, maneno yanapotamkwa, kwa kiasi kikubwa hutamkwa kwa Kiingereza. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutua na kujiuliza. Katika mtaa wa Langas, viungani mwa mji huo huo wa Eldoret, ambako watu wa makabila mengi wamejenga ukuta kwa ukuta, mzee anayetaka kumnunulia mjukuu wake penseli dukani huiomba kwa Kiswahili. Mzee kama huyo akitazama filamu ile, atamwona jirani yake akilia kwa lugha ambayo hawakuwahi kuzungumza pamoja.

Wala hilo si la Litondo peke yake. Joseph Olita, aliyetisha ulimwengu alipomwigiza Idi Amin katika filamu ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Sharad Patel, na kumrudia tena katika Mississippi Masala ya mwaka 1991, naye alitoa ukali wake kwa Kiingereza. Kwa upande wa pili, Kiswahili cha televisheni ya Kenya kilijijengea jina kwa Vitimbi na Vioja Mahakamani. Hakuna anayedharau vichekesho hivyo. Benson Wanjau, Mzee Ojwang' aliyefariki mwaka 2015, alikuwa msanii wa kiwango cha juu, na kicheko chake kiliwaunganisha Wakenya ambao siasa iliwatenga. Lakini lugha ikizoezwa kuchekesha tu, watu huishia kuamini kwamba haiwezi kuomboleza.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni soko: mwenye fedha za filamu ndiye mwenye kuchagua lugha. Hoja hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilizungumza Kiswahili na Sheng, na bado ikavuka mipaka. Tanzania nayo ilimpata Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, ambaye filamu zake za Kiswahili za mapenzi na majonzi zilitazamwa Afrika Mashariki kote. Tamthilia andishi nazo hazikosi uchungu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein imekuwapo tangu mwaka 1969. Kasoro ni kwamba tamthilia hizo husomwa kama riwaya. Mwanafunzi hufundishwa dhamira, maudhui na wahusika, akaufaulu mtihani, bila kuulizwa hata siku moja mhusika yule angevuta pumzi vipi kabla ya kusema.

Suala hili lina uzito zaidi Eldoret. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliichoma Langas na mitaa mingine mingi. Maruge mwenyewe alipoteza makao na kuishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, kisha akahamia Nairobi, alikofariki Agosti 2009. Hadithi ya filamu inakoma kabla ya sura hiyo. Mzee aliyepigwa na mkoloni katika ujana wake, akafukuzwa na vurugu za wananchi wenzake katika uzee: nani ataliigiza hilo, na kwa lugha gani? Likiigizwa kwa lugha ya kabila moja, litakuwa shtaka dhidi ya jirani. Likiigizwa kwa Kiingereza, litakuwa habari ya kuwasimulia wageni. Kiswahili ndicho pekee ambacho pande zote mbili zinaweza kukisikiliza zikiwa zimeketi kwenye benchi moja.

Kwa hivyo idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vina kazi ya kufanya. Tamthilia ifundishwe jukwaani sawa na inavyofundishwa ubaoni. Maonyesho yarekodiwe na kuhifadhiwa, ili mwigizaji ahakikiwe kama mwandishi anavyohakikiwa. Waandishi chipukizi nao wawabunie wazee nafasi zenye uzito, badala ya kuwaachia mikongojo na mizaha. Litondo alisubiri miongo kadhaa, na mlango ukafunguliwa na mgeni. Mwigizaji wa namna yake akiwa yuko Langas leo, ni aibu asubiri mgeni mwingine ilhali lugha yake ina wasomi.